Pumzi Huisha Kabla ya Mikono: Kupumua Unaporusha Ngumi

Anayeingia jimu ya ndondi mara ya kwanza huambiwa apige begi raundi moja. Dakika ya pili haijafika, mikono imeshuka kiunoni, mdomo uko wazi, na yeye mwenyewe anaapa kuwa hana mazoezi. Kesho yake anaanza kukimbia. Anakimbia mwezi mzima, anarudi kwenye begi, na pumzi inamkata pale pale. Mapafu yake hayana kosa. Alibana pumzi tangu ngumi ya kwanza, na hakuna mbio zitakazomfundisha kuiachia.

Hapa Mombasa jambo hili huwapata wote, awe kijana wa Majengo aliyezoea kubeba magunia au mwanafunzi aliyekuja kupunguza uzito. Tena wenye nguvu ndio hubana zaidi. Kwa hivyo tunayaandika haya kwa mfuatano ule ule ambao mtu huyapitia: siku za mwanzo bila glavu, kisha begi, padi anazoshika kocha mikononi, kupigana mazoezini na mwenzako, hadi pambano lenyewe.

Kwanza sababu. Mwili ukitaka kutoa nguvu nyingi kwa ghafla, koo hujifunga na hewa hubaki kifuani ili kiwiliwili kiwe kigumu. Ukinyanyua mtungi wa gesi kutoka chini utajiona ukifanya hivyo bila kufikiri. Kwa mzigo mmoja hakuna ubaya. Kwa ngumi makumi kadhaa ndani ya dakika tatu ni balaa, kwa maana mabega huinuka kuelekea masikioni, shingo hukaza, ngumi inakuwa nzito na ya polepole, na huku misuli inaendelea kumwaga kaboni dayoksaidi kwenye damu bila njia ya kuitoa. Hiyo kaboni dayoksaidi ndiyo hasa ubongo unaipima ili kukuamuru upumue. Ile hisia ya kusongwa, ya kutaka kuvua glavu na kutoka nje, huletwa na hewa chafu uliyokataa kuitoa, hata kama oksijeni bado ipo ya kutosha. Mtu akifika hapo hufungua mdomo na kuvuta hewa kwa pupa, kifua cha juu kikipanda na kushuka, na kila anayovuta inakutana na ile ya zamani ambayo haijatoka.

Kwa hiyo kazi ya bondia ni kutoa. Kuvuta kutajifanya kwenyewe.

Siku za mwanzo, bila glavu

Anza sakafuni. Lala chali, magoti juu, mkono mmoja kifuani na mwingine juu ya kitovu. Vuta kwa pua ukihesabu hadi nne, toa kwa midomo iliyobanwa kidogo ukihesabu hadi sita. Mkono wa tumboni upande na kushuka. Wa kifuani usitikisike sana. Dakika tano asubuhi, tano usiku kabla ya kulala. Ukishaweza, fanya ukiwa umeketi, halafu umesimama kwenye msimamo wako wa ndondi, magoti yamelegea na ngumi ziko mashavuni. Ukisimama tu utashangaa: mkono wa kifuani unaanza kupanda tena. Rudia mpaka utulie. Wengi huruka hatua hii kwa sababu haitoi jasho, na anayelipa ada ya jimu anataka kuona jasho.

Halafu sauti. Kutanisha meno ya juu na ya chini bila kuyakaza, ncha ya ulimi iguse nyuma ya meno ya juu, midomo iachane kidogo, kisha toa "ts!" fupi na kali, iliyokatika mwishoni. Weka kiganja shibiri moja mbele ya mdomo. Unatakiwa uhisi hewa ikigonga mara moja na kukoma, kiasi cha kuzima njiti ya kiberiti, basi. Ikiwa kiganja kinaendelea kupata upepo baada ya sauti, unamwaga hewa nyingi mno. Mkono mwingine ukiwa tumboni, tumbo likaze na kuingia ndani kidogo kila sauti inapotoka. Likitokeza nje, unasukuma kwa kubana koo, na hilo ndilo tunalolikimbia.

Wengine hutoa kwa pua, mfoko mfupi wenye nguvu. Ni njia nzuri na ina faida kwamba mdomo unabaki umefungwa kabisa. Tatizo lake ni mafua, na damu ya puani, ambayo katika mchezo huu haikosi kuja siku moja. Jifunze ya mdomo kwanza, ya pua iwe akiba.

Ukiipata sauti, iunganishe na jebu, ile ngumi ya moja kwa moja ya mkono wa mbele, polepole sana, kama mtu aliye ndani ya maji ya kifua. Mkono uende kwa hesabu tatu. Hapa ndipo wanaojifunzia kwenye simu hukosea: huanza kutoa hewa mkono unapoondoka, na ngumi inapofika tumbo limeshalegea. Sauti itoke mwishoni, ikatike pale ngumi inapogusa. Nguvu ya ngumi huanzia mguuni, ikapita nyonga, kiuno, bega, ndipo ikafika mkononi, na kiuno kilicholegea huimeza njiani. Kule kutoa hewa kwa ghafla hukaza misuli ya tumbo kwa wakati huo tu, huku mabega yakibaki laini. Ukibana pumzi unapata ugumu huo huo wa tumbo, lakini unaulipia kwa mabega na shingo.

Baada ya sauti, usivute. Acha. Ngumi inaporudi shavuni tumbo linalegea lenyewe na hewa inaingia puani bila kuitwa. Anayejilazimisha kuvuta kati ya ngumi na ngumi huishia kuvuta katikati ya mashambulizi yake mwenyewe, na ngumi inayofuata inatoka na kifua kilichojaa.

Kwenye begi

Ngumi moja moja ni rahisi. Mambo huharibika zikifuatana. Chukua jebu, streti ya kulia (ngumi ya moja kwa moja ya mkono wa nyuma), konde la pembeni la kushoto: ngumi tatu, sauti tatu, zote kutoka pumzi moja. Ts, ts, ts. Ndiyo maana kila sauti ni ndogo. Ukimwaga nusu ya mapafu kwenye jebu, ya tatu haina kitu. Baada ya tatu, toka nje ya masafa kwa hatua moja au funga gadi, mikono ikikinga uso na mwili, na hapo ndipo hewa iingie.

Makocha hawakubaliani kuhusu mfululizo mrefu, ngumi sita au saba. Wapo wanaotaka kila ngumi na sauti yake bila kujali idadi. Wapo wanaotaka mfoko mmoja mrefu, "sssss", unaokazwa pale penye ngumi nzito. Kwa maoni yetu hadi ngumi nne kila moja iwe na sauti yake. Zaidi ya hapo, zile nyepesi za kumshughulisha mtu zipite ndani ya mfoko mmoja na uikaze hewa kwenye ile unayotaka imuumize. Anayeng'ang'ania sauti saba kamili kwa kasi kubwa mara nyingi hupunguza kasi ya mikono ili ilingane na mdomo.

Ngumi inayosahauliwa karibu kila mara ni ya mwisho, hasa ikiwa konde la pembeni. Mtu anataka kulipiga kwa nguvu zake zote, na nguvu zote zikiitwa koo linafunga. Yeye mwenyewe hasikii. Njia ya kulipata kosa hili ni mwenzako asimame nyuma ya begi, alishike, afumbe macho na kuhesabu sauti. Wewe unajua umerusha ngumi ngapi. Yeye akuambie amesikia ngapi. Ukirusha nne akasikia tatu, moja umeimeza. Mkikosa mtu wa kushika begi, weka simu kwenye kiti na urekodi sauti tu, bila picha, maana ukijitazama utaanza kuangalia mikono. Raundi moja ya kusikiliza hivyo inafundisha kuliko kumi za kupiga hovyo.

Anayeanza asipige raundi ya dakika tatu. Apige dakika moja kwa mwendo wa wastani, apumzike dakika moja, mara sita. Pima hivi: raundi ikiisha, funga mdomo upumue kwa pua tupu. Ukiweza ndani ya nusu dakika, mwendo unafaa. Ukishindwa hata ikifika dakika nzima, ulikuwa unapiga kwa kasi usiyoweza kuipumua, kwa hiyo raundi ijayo punguza nguvu, usipunguze sauti.

Makosa mengine huonekana kwa macho. Mashavu yaliyojaa kama mtu anapuliza baragumu maana yake hewa imefika mdomoni na kuzuiwa na midomo. Kelele za "aah!" au "hush!" kubwa zinazosikika mpaka barabarani humaliza mapafu na kukausha koo, na pia humpa mpinzani saa ya kukupima. Kizunguzungu na vidole kuwasha au kufa ganzi ndani ya raundi ya pili humaanisha kinyume cha kubana: unapuliza mno, na kaboni dayoksaidi imeshuka kupita kiasi. Dawa yake ni sauti ndogo zaidi, na kupumua polepole kwa pua mpaka ikuachie.

Kuhusu kamba na mbio, kwa ufupi: ruka kamba raundi tatu mdomo ukiwa umefungwa, na mdomo ukitaka kufunguka punguza kasi badala ya kuufungua. Wanaokimbia barabara ya Mama Ngina alfajiri wanaweza kuchanganya, nusu dakika ya mbio kali, dakika moja ya kutembea huku wakirusha jebu hewani na kila jebu na sauti yake. Wanaopendelea ufuo wa Nyali au Bamburi wangoje maji yapwe, mchanga uwe mgumu. Kwenye mchanga mkavu wa juu kifundo cha mguu kitakusumbua kabla ya mapafu.

Joto letu

Ushauri mwingi wa ndondi umeandikwa na watu wa nchi za baridi. Hapa kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi ikivuma, hewa ina unyevu mwingi kiasi kwamba jasho linatiririka bila kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Moyo hulazimika kupeleka damu nyingi kwenye ngozi, mapigo yanapanda, na pumzi inapanda nayo. Mtu aliyekuwa anamaliza raundi sita Julai anashindwa na nne Februari, halafu anadhani amesahau kupumua. Hajasahau. Aingie saa kumi na mbili asubuhi au baada ya magharibi, afungue madirisha yote, apunguze raundi mbili na anywe maji kidogo kidogo tangu asubuhi badala ya kujimwagia lita nzima akiwa na glavu mkononi. Tumbo lililojaa maji huzuia kiwambo, ule msuli wa chini ya mapafu unaovuta hewa, kushuka, na ukigongwa hapo utajua.

Ramadhani ina hesabu yake. Anayefunga afanye mazoezi mepesi ya hewani kabla ya futari, sauti na mkao tu, na begi na padi ayasogeze baada ya tarawehe. Koo kavu huwafanya watu wapumue kwa mdomo bila kujua, na kosa la wiki nne hubaki hadi baada ya Idi.

Mwenye pumu asikate tamaa na asijifiche. Amwone daktari kwanza, kipuliza chake kikae kwenye kona palipo wazi, kocha ajue kipo wapi, na asianze kwa kasi. Vumbi la zulia kuukuu au la begi lililopasuka huamsha pumu kuliko ngumi zenyewe.

Kinga ya meno

Watu hununua glavu za bei na kinga ya meno ya kubahatisha. Kwa upande wa pumzi inafaa iwe kinyume chake. Kinga isiyokaa vizuri hushikiliwa kwa kuuma, na anayeuma muda wote hukaza taya, shingo na koo, tukarudi pale pale tulipoanzia.

Ile ya kuchemsha na kuuma hutengenezwa nyumbani. Chemsha maji, yaepue, tumbukiza kinga kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti yake, mara nyingi ni sekunde chache tu. Ukizidisha inajikunja na imeharibika. Itoe kwa kijiko, ipitishe mara moja kwenye maji baridi isikuunguze, iweke kwenye meno ya juu ukiwa mbele ya kioo, uma kwa nguvu ya wastani, na hapo hapo nyonya hewa yote iliyo kati yake na meno huku ukiibana kwa vidole juu ya midomo na mashavu. Itoe, maji baridi, jaribu. Fungua mdomo: inatakiwa ibaki juu bila kushikwa na ulimi. Ikianguka, rudia. Ikikutia kichefuchefu kwa nyuma, punguza ncha kwa mkasi kidogo kidogo na ulainishe kingo.

Halafu ivae tangu kwenye begi. Kuna watu huivaa siku ya kupigana na mwenzao tu, na siku hiyo hugundua kwamba sauti yao haitoki, mate yanawajaa na wanaitema. Ukiwa nayo, hewa hupita pembeni ya meno na puani. Inachukua wiki mbili tatu kuizoea.

Meno yafungwe kwa sababu nyingine pia. Machi 31, 1973, huko San Diego, Ken Norton alimvunja taya Muhammad Ali, na Ali akapigana hadi mwisho wa raundi 12 na kushindwa kwa pointi. Taya lililofungwa lina meno ya juu ya kuegemea. Lililo wazi linaning'inia. Bondia aliyechoka anayetweta mdomo wazi anaomba konde la pembeni.

Padi, kisha mtu

Kwenye padi hupangi wewe, anapanga kocha, na pumzi lazima ifuate amri ya mtu mwingine. Kocha mwenye masikio atakukatiza katikati: "Rudia, mwanangu. Ya tatu umeimeza." Zoezi bora la hatua hii ni fupi. Unapiga ngumi tatu, na mara tu ya tatu ikitua kocha anakugonga tumboni kwa padi, si kwa nguvu, bila kukuambia ni mara ipi. Kwa raundi ya kwanza wengi hupigwa wakiwa wanavuta hewa. Baada ya siku kadhaa wanajifunza kuweka sauti ya nne, ile ya kupokea.

Kupokea nako kunahitaji kutoa. Ngumi inapokujia mwilini, toa "ts" na ukaze tumbo, kiwiko kikiwa karibu na mbavu. Ukikwepa kichwa pembeni, toa. Ukizuia, toa. Tumbo lenye hewa nyingi na misuli iliyolegea ndilo linaloumia. Ukigongwa chembe cha moyo wakati unavuta, kiwambo hushikwa na mkazo na kwa sekunde kadhaa hewa haiingii wala haitoki. Inatisha sana mara ya kwanza, na hofu ndiyo inayoirefusha. Usipigane nayo kwa kujaribu kuvuta kwa nguvu. Kunja magoti, inama kidogo, toa vijipumzi vidogo vidogo kwa midomo, na utasikia tumbo likiachia. Kwenye mazoezi simama, inua mkono, mwenzako angoje. Kwenye pambano, refa akianza kukuhesabia, tumia hesabu yote hadi nane ukipumua. Hakuna zawadi ya kusema uko tayari ilipofika tatu.

Ini ni habari nyingine. Liko kulia chini ya mbavu, na konde la pembeni la kushoto la mpinzani ndilo hulitafuta. Maumivu huchelewa kidogo, halafu miguu inakataa. Kutoa hewa kunapunguza, hakukingi. Kinga ya ini ni kiwiko cha kulia kukaa mahali pake. Wala pumzi haikingi kichwa. Tuliseme hili wazi kwa sababu wako wanaofundisha kwamba ukipumua vizuri unaweza kupokea chochote. Robert Wangila, bondia Mkenya aliyetuletea dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka 1988 kwa kumwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika fainali, alifariki 1994 kwa jeraha la ubongo baada ya pambano Las Vegas. Kichwa kinakingwa kwa kutopigwa, na kwa kocha anayejua wakati wa kusimamisha.

Mkianza kupigana mazoezini, wiki za kwanza piganeni mwilini tu, kichwa kiachwe, raundi za dakika mbili. Hapo utajifunza jambo lisilopatikana kwenye begi: mpinzani anasikia. Ukitoa sauti tatu kila mara na kunyamaza, atangoja ya tatu na kuingia wakati unavuta. Basi badilisha. Mara mbili, mara moja, mara sauti bila ngumi, bega likitikisika kidogo, uone atakavyofunga gadi. Nawe msikilize yeye. Anayeanza kuvuta hewa kwa sauti, mabega yakipanda, ndiye wa kumwendea mwilini sasa hivi kabla hajairudisha.

Siku ya pambano

Pambano la ndondi za ridhaa ni raundi 3 za dakika 3, mapumziko ya dakika 1 katikati. Inaonekana kidogo kwenye karatasi. Wengi hulimaliza tangi raundi ya kwanza, na chanzo huwa chumba cha kubadilishia nguo: mtu amekaa saa mbili akipumua kwa kifua cha juu kwa woga, na kengele inapolia tayari amechoka. Pasha mwili kwa ngumi za hewani zenye sauti ndogo, kisha keti upumue ile ya sakafuni, nne kuingia na sita kutoka. Usifanye zile pumzi kali za haraka haraka ambazo wengine hudhani zinajaza oksijeni. Zinaleta kizunguzungu tu.

Angalia mavazi. Kinga ya kinena ikifungwa juu na kukazwa tumbo likiwa limeingizwa ndani, utapigana raundi zote na kiwambo kisichoweza kushuka. Vuta hewa, tumbo lijae, ndipo mwenzako afunge kamba. Kwa wasichana, sidiria ya michezo iliyobana sana hufanya vivyo hivyo kwenye mbavu. Vidole viwili viweze kupita chini ya mkanda wake hata ukiwa umevuta hewa. Anayevaa hijabu aibane kichwani, koo liachwe huru.

Ndani ya ulingo, mkikumbatiana usisukumane bure. Egemeza uzito wako kwake, kichwa kwenye bega lake, na toa pumzi moja ndefu mpaka refa awaachanishe. Ni sekunde tatu nne za bure.

Dakika ya kona ndiyo inayopotezwa zaidi. Mtu anakaa, watu watatu wanampigia kelele, mmoja anampepea taulo, mwingine anamlazimisha maji. Tunavyopendelea ni hivi. Anaketi, kinga ya meno inatolewa mara moja, mikono inalegea mapajani badala ya kutundikwa kwenye kamba. Msaidizi anavuta ukanda wa bukta na wa kinga ya kinena mbele ili tumbo lipate nafasi. Bondia anatoa pumzi ndefu mbili tatu kwa mdomo, kama mtu anayeguna kwa kuchoka, kisha anarudi puani. Sekunde ishirini za kwanza hakuna anayesema neno. Halafu kocha peke yake, jambo moja au mawili. Maji ni ya kusukutua, na funda moja la kumeza. Zikibaki sekunde kumi, kinga ya meno iwe imesharudi na bondia yuko wima. Bondia asijibu maswali, anayeongea hapumui. Kichwa kitatosha kukubali au kukataa.

Baada ya pambano gharama huja asubuhi. Mbavu zilizogongwa huuma kila ukivuta hewa, na mtu huanza kupumua juu juu ili asiumie. Huko ndiko kunakoalika maambukizi ya mapafu. Usifunge kifua kwa bandeji ya kubana, hata kama nyumbani wanasisitiza. Meza dawa ya maumivu uliyoshauriwa na daktari au mfamasia, na mara kadhaa kila saa ukiwa macho vuta pumzi ndefu polepole, ukikohoa huku umekumbatia mto. Ukitema damu, pumzi ikikukatika ukiwa umekaa tu, au maumivu yakizidi kila siku badala ya kupungua, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa kichwa kinachouma bila kuachia, kutapika, au usingizi usio wa kawaida.

Ukirudi jimu, anza tena bila glavu, sauti na jebu ya polepole. Streti ifuate siku unayoweza kuvuta hewa hadi chini bila kuchomwa. Konde la pembeni liwe la mwisho kurudi, maana ndilo linalozungusha mbavu.